Namna ya kuijaribu gari mpya ya mbio bila kuionea, kwa sie wenye magari ya kizamani

Pale barazani kwetu Unguja kuna mzee mmoja, akiona gari mpya yenye mdomo mkubwa inapita na eksozi inabweka, anasema "friji hilo limetiwa mipira", na sote tunacheka, na mie ndo nilokuwa nikicheka zaidi maana nina Peugeot 404 ya mwaka 1967 na nilikuwa naamini kabisa kuwa baada ya hiyo hakijatengenezwa tena kitu cha maana duniani, labda Vespa. Miaka mingi nimesema ivo. Halafu mwana wa dada yangu anaefanya kazi Dar akaja sikukuu na Toyota GR Yaris, kaivusha kwa meli ya mizigo, kaisimamisha mlangoni kwangu, kanambia "mjomba shikamoo, funguo hizi, endesha kisha ndo useme."

Nikaendesha. Mara ya kwanza nikakosea namna, nikarudi na maneno yale yale nlotoka nayo nyumbani. Mara ya pili nikafanya kwa mpango, na hapo nikaona kuwa nilikuwa naionea, na nikaona vilevile kuwa baadhi ya malalamiko yetu wazee yana haki kabisa ila tunayasema vibaya ndo maana vijana hawatusikilizi. Ukisema "gari za siku hizi hazina roho" kijana anacheka anaondoka. Ukimwambia "sukani yako hainambii mpira wa mbele kushoto umekanyaga nini" atakaa chini mzungumze. Sasa hii ni kwa yeyote mwenye Morris, Datsun, Beetle, Peugeot, hata Land Rover ya zamani, akapewa funguo za gari mpya ya mbio na anataka kutoa maoni ya haki.

Anza na gari yako

Kosa langu la mara ya kwanza ni kuwa nlitoka kunywa chai nikaenda moja kwa moja kukaa kwenye Yaris. Ukifanya ivo unaifananisha gari ya mwenzio na gari ilomo kichwani mwako, na hiyo ya kichwani haina kutu, haivuji oili, haipandi moto kwenye foleni ya Mwanakwerekwe. Haishindiki hiyo.

Kwa hiyo siku ya kujaribu toa gari yako kwanza, ipite njia ile ile utakayopita na hiyo mpya, kwa mwendo ule ule, ukirudi uhamie hapo hapo kabla mikono haijasahau. Mie yangu asubuhi ina adabu zake, vuta choki (ile ya kuwashia injini ikiwa baridi), kanyaga mafuta mara mbili, washa, subiri, rejesha choki nusu, subiri tena, jirani anafungua dirisha anatizama anafunga. Yote hayo yahesabu. Andika kwenye simu: sukani nzito kiasi gani ukiwa umesimama, breki inavuta upande gani (yangu inavuta kushoto, nshazoea hata sioni tena), gia ya pili inakwaruza au haikwaruzi, harufu ya petroli ndani ipo au haipo. Usijipendelee. Hiyo orodha ya aibu utaihitaji baadae.

Njia na saa

Chagua njia unayoijua shimo kwa shimo. Mie natumia ya kusini, natoka mjini, napita Mwanakwerekwe, Tunguu, kwenye kivuli cha miembe ya Bi Khole pale Bungi, Jozani, Kitogani mpaka Paje. Ndani ya njia hiyo utapata foleni, utapata mnyooko, utapata kona, na matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka. Hayo matuta yaheshimu maana gari hizi ziko chini mno, 404 inapanda tuta kama punda anaejua njia lakini Yaris nilisikia tumbo likisalimiana na lami na mwana wa dada yangu akafumba macho.

Toka baada ya sala ya alfajiri, kama saa kumi na mbili na nusu ivi, kabla daladala hazijachanganya na kabla watalii hawajaamka na vespa zao za kukodi, wengine mkono wa kushoto bado wanaufikiria. Nyinyi wa Pemba mna bahati zaidi, ile ya Chake kwenda Mkoani kwa vilima na kona zake itakwambia khabari za gari mapema kuliko barabara yetu yote ya Paje.

Na kabla ya kutoka mambo mawili. Uliza bima inamfunika nani, usione haya kuuliza. La pili upepo wa mipira: fungua mlango wa dereva, kuna stika pale kwenye nguzo imeandikwa kiasi, pima ufike hapo. Gari nyingi zinatembea na upepo wa kukisia, na mipira hii myembamba ukiijaza sana inaruka ruka mtu anasema "gari ngumu hii" kumbe upepo.

Fungua boneti kabla hujawasha

Hapa ntakaa kidogo, ndo paliponigeuza kichwa.

Nlikuwa nimesimama na mwana wa dada yangu boneti iko wazi, ananisomea khabari za injini kwenye simu, silinda tatu, turbo, sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 1,618. Nikamwambia rudia. Elfu moja mia sita na kumi na nane. Nikaenda ndani nikatoa kitabu cha 404, kimeliwa na mende pembeni lakini namba inasomeka: 1,618. Injini ya Mfaransa ya miaka ya sitini na injini ya Mjapani ya 2020 ukubwa sawasawa hata sisi moja haijapungua. Yangu ina silinda nne, kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, imelazwa upande mmoja ili boneti iwe chini, na inatoa farasi sabini na kitu ilipokuwa mpya (leo wengine washakufa). Yake silinda tatu, na kwa soko la Japani ilitoka kiwandani na farasi 272.

Sasa mtu wa zamani wepesi wake ni kusema "aa, turbo hiyo, hila hiyo." Hebu tusiseme ivo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ambao mie kwangu unapotea bure barabarani, wao wanautumia kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, hewa ikizidi na petroli inazidi, mlipuko unakuwa mkubwa. Ni ubakhili mzuri huo, mwanamke wa Kizanzibari anaepika kwa makaa yaliobaki atakuelewa mara moja.

Na udugu wao hauishii kwenye sisi. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, zile mbili za katikati aliendesha Bert Shankland alokuwa akiishi hapa hapa Tanzania, na mwaka 1963 na 1968 magari yaliofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote tope limeyala. GR Yaris nayo imezaliwa kwa sababu ya rali, na Toyota Yaris zao ndo zimeshinda Safari kila mwaka tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya 2021 mpaka 2025. Ni kweli gari yenyewe ya mashindano na hii ya dukani zinafanana uso tu, lakini babu zao kabila moja. Nilipolijua hilo nikaacha kuiita friji.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari ya mwenzio uliza imetengenezwa kwa ajili gani. Kuna gari za mbio zilizotoka kwenye mashindano na kuna za familia zilizopewa nguvu na stika. Huwezi kuzihukumu kwa kanuni moja.

Kaa ndani, usiguse kitu

Rekebisha kiti, vioo, halafu tulia dakika mbili. Zima redio. Tizama nje. Nguzo za kioo cha mbele za 404 ni nyembamba kama fimbo ya mzee, unaona dunia yote, kwenye gari mpya nguzo ni nene mtu mzima na baskeli yake anapotea nyuma yake kwenye kona. Hili lalamiko letu lina haki. Ila ujue kwa nini ziko nene: gari ikipinduka zile nguzo zinabeba paa lisikufike kichwani, na ndani yake mna mifuko ya hewa. Ya kwangu ikipinduka, Mungu apishe mbali, hakuna mjadala.

Mpe mwenyewe akuoneshe vitufe vitatu tu, cha kubadilisha aina ya uendeshaji, cha kuzuia gari kuteleza (hicho usikizime, nasema tena usikizime), na cha ile kompyuta inayokupandishia mizunguko ya injini ukishusha gia. Vyengine vyote havikuhusu leo. Skrini kubwa inayotaka uguse mara tatu ili upate ubaridi, ichukie kimya kimya, sote tunaichukia, hata vijana.

Sukani, chini ya hamsini

Hapa ndo roho ya mtihani wote. Watu wakipewa gari ya mbio wanataka kukanyaga. Wewe nenda arobaini. Kisiwa chetu unafika pwani kabla gia ya sita haijazoea kazi, askari yuko chini ya mwembe, ng'ombe anavuka, kwa hiyo mwendo utakaoishi nao siku zote ni arobaini hadi sitini na gari inayopendeza kwenye mia mbili tu haitokusaidia kitu hapa.

Shika sukani kwa vidole, usiikabe. Tafuta mahali lami imetiwa kiraka, upande wa kushoto peke yake, pita pale taratibu. Swali ni moja: mkono wako umejua ni mpira gani ulokanyaga? Kwenye 404 hakuna msaada wowote, kuna vyuma tu kutoka mkononi hadi kwenye mpira, kwa hiyo kokoto ikikanyagwa unasalimiwa, ila ukitaka kuegesha pale Darajani utatoka jasho mpaka kofia ilowe. Gari mpya zina mota ya umeme inayokusaidia kukata sukani, na kompyuta ndo inayoamua uisikie nzito au nyepesi. Ile mota inalainisha kila kitu, khabari za barabara zinafika mkononi zimepigwa pasi.

Yaris ilinambia nusu. Kiraka kikubwa nilikisikia, kidogo nilikisikia kwa makalio kabla ya mkono. Nikabonyeza aina ya uendeshaji ya michezo, sukani ikawa nzito. Mwana wa dada yangu akasema "umeona sasa mjomba?" Nikamwambia uzito si khabari, baba. Hata mlango wa zamani wa Mji Mkongwe ni mzito na haukwambii kitu.

Usikimbilie hukumu lakini. Peleka gari kwenye kona unayoijua, mara mbili tatu, uone inafuata jicho lako au unaisubiri. Hapo Yaris ilinifedhehesha, mie 404 naiomba ruhusa kwanza, inalala, inafikiri, inakubali. Ile ishaingia mie bado nasema bismillahi.

Breki

Hapa usibishane, tumeshindwa.

Fanya ivi: mnyooko mtupu, tizama kioo cha nyuma, hakuna mtu, weka jiwe pembeni kama alama, nenda sitini, ukifika kwenye jiwe kanyaga kwa nguvu zote usiachie. Kwenye gari mpya pedeli itatetemeka chini ya mguu kama kuna panya, usishituke, ndo mfumo unaoachia na kubana mara nyingi kwa sekunde ili mipira isikwame, endelea kukanyaga na sukani bado inakata. Halafu rudia na gari yako, kwa adabu zaidi. Sie tulipima kwa hatua. Dramu zangu zilipita alama ya Yaris kwa zaidi ya urefu wa gari mbili na nikamalizia nimetizama shamba la mtu upande wa kushoto. Mwana wa dada yangu hakucheka, na ndo nikajua kama kashtuka.

Tangu siku ile naacha nafasi zaidi mbele yangu.

Gia

Kama gari ni otomatiki andika tu "otomatiki" uendelee, ni nzuri na inabadilisha haraka kuliko mkono wowote na hakuna la kuzungumza zaidi. Kama ni ya mkono basi zima ile kompyuta ya kupandisha mizunguko, shusha gia mwenyewe, uone mguu bado unajua kazi. Fimbo fupi, inaingia kwa sauti ya mbao juu ya mbao, wallahi raha. 404 gia iko kwenye sukani, unasukuma na kuvuta hewani ukitafuta kama mtu anaetafuta miwani gizani.

Na mkisema barazani kuwa gia za mkono zimekufa semeni na hili: Porsche waliitoa 911 GT3 ya 2013 bila gia ya mkono, wateja wakalalamika, 2016 wakatoa 911 R yenye gia ya mkono gari 991 peke yake watu wakazigombania, 2017 GT3 ikarudishiwa fimbo. Kwa hiyo malalamiko ya watu wa kizamani yanafika, yakisemwa kwa ufasaha.

Sauti

Shusha vioo vyote. Sikiliza nje halafu pandisha vioo usikilize ndani. Ikiwa ndani kuna sauti ambayo nje haipo, muulize mwenyewe inatoka wapi. BMW M5 ile ilotoka 2011 ilikuwa inacheza sauti ya injini kwenye spika za redio, injini yao wenyewe, silinda nane, wanaiimbia kwa spika! Mie hilo sijawasamehe. Lakini Hyundai Ioniq 5 N, ya umeme mtupu, inaigiza sauti na inaigiza hata gia ambazo haina, na hiyo kwa ajabu yangu sina kinyongo nayo, maana haijifichi, inakwambia mie nacheza tucheze. Wengine hawatokubaliana na mie hapo, khiyari yao.

Uzito

Usiamini macho, soma kitabu. Jumla ya kilo inasema mengi kuliko farasi. 404 ni kama kilo 1,070. GR Yaris ni kama 1,280, na hapo wamejibana kweli, milango na boneti za aluminiamu, paa la kaboni. Golf GTI ya kwanza ya 1976 ilikuwa kama 810, ya leo imepita 1,400. M5 mpya ya 2024 yenye betri na injini imepita kilo 2,400, yaani Morris Minor tatu zimepandana, na farasi zake 700 na zaidi nusu zinafanya kazi ya kubeba zenyewe. Kuna wanaokwenda kinyume, Mazda MX-5 toka 1989 mpaka leo inazunguka kwenye kilo elfu moja, kwa hiyo mtu akikwambia "haiwezekani siku hizi" mtajie hiyo.

Namna ya kuusikia uzito bila mizani: pita tuta dogo kwenye mwendo wa kawaida, hesabu gari inatulia baada ya mara ngapi. Na badilisha upande haraka kidogo kama unakwepa shimo, usikilize kama nyuma inachelewa kukufuata.

Kukanyaga

Mara moja tu, mnyooko mtupu, gia ya pili, mpaka mwendo unaoruhusiwa, basi. Chini ya mizunguko elfu mbili ivi Yaris inasinzia, halafu turbo inaamka na tumbo linabaki nyuma. Nikacheka kwa sauti, mtu mzima mie. Ikaisha. Na hilo ndo tatizo lenyewe, inaisha mara moja, sekunde chache ushafika mwendo wa kufungiwa leseni. 404 naikanyaga mpaka chini kila siku, natumia kila kilichomo ndani yake, kuvuka baskeli ni mradi wa kupanga tangu Tunguu. Yake anatumia robo, tatu zilobaki anazilipia petroli na bima na hazioni jua.

Hilo andika, ndo hoja kubwa tulonayo. Wala usiseme "gari yako mbovu", mwambie "gari yako kubwa kuliko kisiwa."

Maswali ya gereji

Fungua kifuniko cha tangi usome imeandikwa petroli gani, gari hizi nyingi zinataka ya okteni ya juu, muulize mwenyewe anaipata wapi. Muulize oili namba gani. Muulize taa ya injini ikiwaka anakwenda kwa nani na huyo fundi ana mashine ya kusoma. Mie siku moja Kitogani gari ilizima, nikafungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi, pointi zake zimeungua, sina msasa, nikachana ubavu wa kibiriti ule mkwaruzo nikazisugua, nikapima nafasi kwa kipande cha pakti ya sigara alonipa muuza machungwa, nikaondoka. Robo saa. Yaris ikizima hapo unaita gari ya kuvuta. Lakini Yaris haizimi hapo! Nayo ukweli huo uuseme, mie nshazima Kitogani, nshazima Amani, nshazima mbele ya harusi.

Chumvi ndo adui wetu sote. Ukifika Paje usiegeshe gari ya mwenzio upande wa bahari, na ukirudi ioshe chini kwa maji ya mfereji, chini kabisa kwenye matao ya mipira, kabla hujarudisha funguo. Za sasa zimekingwa kutu vizuri kuliko zetu lakini bahari haina haraka.

Mwisho, mbadilishane

Usimuache aondoke bila kuendesha ya kwako. Hii wengi wanaisahau na ndo sehemu tamu. Kaa upande wa abiria, funga mdomo. Mwana wa dada yangu alitafuta mkanda wa begani hakuna, akatafuta namba moja dakika nzima, haipo pale anapoitegemea, akatoka na ya pili gari inatetemeka kama mgonjwa wa homa, watoto wa skuli njiani wakasimama kutizama. Alipofika kwenye miembe ya Bi Khole akawa kimya. Yuko hamsini, vioo vimefunguliwa upepo unamjia usoni, mikono miwili inafanya kazi, anatizama mbali kwa sababu breki kashaijua. Akasema "mjomba hii hamsini kama mia." Sikumjibu.

Akizima njiani, na atazima, mzuie asikanyage kanyage mafuta huku anapiga stata, ndo mazoea yao, ataifurika kabureta. Mwambie akanyage mpaka chini aushike mguu hapo hapo, apige stata mara moja ndefu. Ikikataa fungueni boneti mkae pembeni dakika kumi petroli ikauke, na pale Bungi kuna wauza madafu.